"Umejenga?" Swali linalopandisha presha

Mpenzi msomaji, wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye harusi Makorora, hapa Tanga mjini. Nimekaa chini ya turubai na sahani yangu ya pilau, akanijia mama mmoja ambaye binti yake nilisoma naye shule ya msingi. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu, hujambo? Ndiyo wewe unayeandika gazetini?"

Nikamwambia ndiyo mimi.

"Hongera. Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Mtoto je?"

"Bado."

"Basi umejenga?"

"Bado, mama."

Akanyamaza kidogo, akanishika bega. "Usijali, Mungu ni mkubwa," akasema, kisha akaenda kutafuta soda.

Sikumkasirikia. Ni mama mwema, na kwa hakika ananiombea heri. Lakini nilibaki nikicheka peke yangu, kwa sababu chini ya dakika moja maisha yangu yote yalikuwa yameshasahihishwa na nimepata sifuri katika maswali matatu. Shahada ya chuo kikuu haikuulizwa. Afya yangu haikuulizwa, ingawa mimi ndiye mwandishi wa habari za afya.

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikizungumzia lishe ya mtoto, chanjo na kliniki za wajawazito. Leo nataka tuzungumze kuhusu swali la yule mama, yaani nani amefanikiwa maishani, na nani anaamua. Msidhani nimeiacha kazi yangu ya afya. Mkifika mwisho mtaona kwa nini swali hili linahusu presha zaidi ya linavyohusu saruji.

Daftari la mjomba

Nianze na mjomba wangu. Yeye ni kaka mkubwa wa mama yangu, fundi magari, mwenye gereji yake ndogo Ngamiani. Tangu nikiwa mdogo, neno "mafanikio" nyumbani kwetu lilikuwa na sura yake. Idi ikifika ndiye aliyenunua mbuzi. Mtu akifiwa, ndiye aliyetafuta gari la kubebea mwili. Baba yangu alipofariki nikiwa kidato cha pili, mjomba alisema sentensi moja tu mbele ya wazee: "Huyu atasoma, ada niachieni mimi." Na kweli alilipa mpaka chuo kikuu, kila kilichopungua kwenye mkopo wa serikali.

Wakati huohuo alikuwa anajenga. Alinunua kiwanja upande wa Pongwe, akaanza msingi, akapandisha kuta. Kila aliyekutana naye alimuuliza nyumba imefika wapi, naye alijibu kwa hatua kama wajengao wote wanavyojibu: tumemaliza msingi, tumefika kwenye madirisha, tumefunga linta. Aliipenda ile nyumba kabla haijawa nyumba.

Jambo ambalo hakuna aliyemuuliza ni presha yake. Alipimwa siku moja alipokwenda kutibiwa kidonda cha mkono, akaambiwa ipo juu, akapewa vidonge na kuelezwa kwamba ni vya kila siku. Alivitumia kwa muda. Baadaye akaanza kuvisogeza, leo anameza, kesho anaruka, ili vifike mwisho wa mwezi. Kichwa hakimuumi, macho yanaona, gereji anafungua asubuhi. Akajiona amepona.

Mwezi wa nane mwaka 2021, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, alianguka gereji akiwa ameshika spana. Kiharusi. Alipoteza nguvu za mkono na mguu wa kulia, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu.

Siku nilipofika kumuuguza, mkewe alinipa daftari lake ili nimsaidie kupanga madeni. Kila mwanzo wa mwezi alikuwa ameandika orodha ya matumizi. Saruji mifuko kadhaa. Nondo. Fundi. Ada ya mpwa. Mchele. Mchango wa harusi. Mwisho kabisa, chini, neno moja: dawa. Nikafungua mwezi uliofuata, na uliofuata. Dawa iko mwisho. Kuna mwezi imekatwa kwa mstari. Kuanzia mwezi wa tatu mwaka ule haikuandikwa tena.

Jina langu lilikuwa limeandikwa kila mwezi bila kukosa.

Sijawahi kuyaandika haya hapa. Nimekaa nayo miaka yote hii. Mama ananiambia nisijilaumu, kwa kuwa mjomba alifanya alichokipenda, na mimi simlaumu wala simtoi makosa. Lakini tangu siku ile, kila ninaposikia mtu anasifiwa kwamba amefanikiwa, huwa najiuliza kwenye daftari lake ameandika nini mstari wa mwisho.

Kipimo kinabadilika, swali halibadiliki

Tanga yetu ni mahali pazuri pa kujifunza kwamba kipimo cha mafanikio hakikushuka kutoka mbinguni. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba yake yalivuta watu kutoka pande zote za Tanganyika na nje yake. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba. Wazee wanasimulia kwamba manamba aliyerudi kwao na baiskeli, blanketi na kitambaa cha mkewe alipokelewa kama mfalme. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mkonge ukaitwa dhahabu ya kijani. Kisha bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani.

Waliokuwa na kazi nzuri mashambani na viwandani, ambao mtaa mzima uliwaita waliofanikiwa, wakajikuta nyumbani bila mshahara. Hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Kipimo walichopimiwa kilikuwa kimefungwa kwenye bei ya nyuzi huko Ulaya na Marekani, wao hawakuwa na mkono humo.

Baada ya baiskeli ikaja redio, ikaja bati, ikaja runinga. Leo ni nyumba ya vigae na gari, na kwa vijana ni simu ya gharama na picha za safari. Kesho sijui kitakuja nini. Waliopata fedha za ghafla wanajua jinsi kipimo kinavyosogea mbele kila unapokikaribia.

Ngazi yenye vipandio kumi

Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani aitwaye Hadley Cantril alieleza njia rahisi ya kumuuliza mtu kuhusu maisha yake. Anaambiwa afikirie ngazi. Chini kabisa, sifuri, ni maisha mabaya kuliko yote anayoweza kuyafikiria kwa upande wake. Juu kabisa, kumi, ni maisha bora kuliko yote. Kisha anaulizwa: wewe umesimama wapi sasa? Ripoti ya furaha duniani iliyoanza kutoka mwaka 2012 inatumia ngazi hiyohiyo, na nchi yetu huwa inaangukia karibu na mkia.

Kinachonivutia ni kwamba ngazi hii haimwambii mtu nini kiwe juu na nini kiwe chini. Anaiweka mwenyewe. Kwa hiyo nikaibeba nikazunguka nayo siku chache. Huu si utafiti, msije mkaninukuu. Ni mazungumzo tu, na majina nimeyaacha.

Soko la samaki la Deep Sea nilimkuta mzee mvuvi anashona wavu. Akajiweka kipandio cha nane. Nikashangaa, maana ngalawa aliyokuwa ameiegemea si yake. "Nimekwenda bahari miaka arobaini," akasema. "Sijazama, na sijamzika mwanangu hata mmoja baharini. Sasa hiyo miwili iliyobaki ya nini? Nimwachie Mungu."

Stendi ya Kange, kijana wa bodaboda akajiweka kipandio cha tatu. Anaendesha kwa mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri mpaka pikipiki iwe yake. "Ikiwa yangu nitakuwa wa sita," akasema. Mwenzake aliyekuwa pembeni, ambaye mkataba wake ulishaisha, alipoulizwa akajibu wa nne. Nikamuuliza mbona hajafika sita. "Dada, sasa nataka bajaji." Wote wakaangua kicheko, hata yeye.

Mabawa, mama anayepika vitumbua alijiweka kipandio cha tano. "Nikimaliza kurejesha mkopo wa kikoba njoo uniulize tena," akasema. "Nitakuwa wa saba. Mtu asiyedaiwa analala."

Dada mmoja aliyerudi Tanga baada ya miaka minne ya kazi za ndani Maskati hakutaka kutaja namba. Amemjengea mama yake nyumba, na mtaani anatolewa mfano kwa wasichana wengine. "Unaniuliza mchana au unaniuliza usiku?" akasema. Mchana watu wanaiona nyumba. Usiku hapati usingizi, na mtoto aliyemwacha akiwa na miaka miwili anamwita bibi yake "mama". Nilimshauri tuonane tena nje ya kazi ya gazeti, na tumeonana, na sasa ana mtu wa ushauri nasaha anayezungumza naye.

Nilisafiri mpaka Pangani kumwona bibi mmoja ambaye umri wake hata yeye anaukisia. Nikamweleza habari za ngazi. "Ngazi gani mjukuu wangu, na magoti haya?" Tulicheka sana. Kisha akanyamaza, akasema jambo ambalo limenikaa kichwani. "Mimi najiuliza moja tu. Nikifa, nani ataniosha? Nawajua wanne kwa majina. Basi, nimemaliza."

Someni tena majibu hayo. Mzee anahesabu watoto waliosalimika. Mama anahesabu deni. Bibi anahesabu mikono ya kumwosha. Dada anahesabu usingizi. Ni kijana mmoja tu aliyetaja chombo cha moto, na yeye mwenyewe alijicheka. Lakini hao hao, nina hakika, wakikutana na mgeni harusini watamuuliza amejenga. Maswali tunayowauliza wenzetu mchana si yale tunayojiuliza wenyewe usiku.

Karani wa Vibambani

Kuna mtu mmoja wa hapahapa kwetu ninayependa kumfikiria mjadala huu unapochacha. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, forodhani, idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, ofisi ya upimaji ardhi. Alifiwa na mkewe Amina, akamwandikia shairi la maombolezo. Aliandika tenzi mbili za nasaha, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe. Alifariki mwezi wa sita mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru, akiwa na miaka 53, akazikwa Machui.

Sasa mchukueni mwaka 1955, mumpeleke kwenye harusi ya Makorora. Yule mama angemuuliza nini? Angeona karani wa makamo, mwajiriwa, mtu wa kuhamishwa hamishwa kwa amri ya mkubwa wa ofisi. Baadhi ya kazi zake tunazozijua leo zilikuwa hazijachapwa hata alipofariki. Utubora Mkulima ilitoka mwaka 1968. Leo Dar es Salaam kuna mtaa na shule yenye jina lake, na kila mwanafunzi wa Kiswahili Afrika Mashariki anamjua. Hakuna mtu wa mtaani mwaka ule ambaye angeweza kuyajumlisha hayo.

Hiyo Utubora Mkulima yenyewe ni hadithi ya mtu anayeacha kazi yake ya mshahara mjini akaenda kulima. Mwandishi wake, aliyekaa kwenye viti vya ofisi miaka mingi, alikuwa analijua swali letu la leo. Sisemi sote tuache kazi tukashike jembe. Nasema kwamba mtu wa Tanga alilikalia swali hili akaliandikia kitabu kabla wengi wetu hatujazaliwa, nasi bado tunalijibu kwa kuhesabu matofali.

Sayansi inasema nini

Mwaka 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika. Ndani yake afya imeelezwa kuwa ni hali kamili ya uzima wa mwili, akili na maisha ya mtu pamoja na wenzake, wala haiishii kwenye kukosa ugonjwa. Kwa maana hiyo bibi wa Pangani mwenye magoti mabovu na watu wanne wa kumwosha ana sehemu kubwa ya afya, na dada asiyelala ndani ya nyumba ya vigae amepungukiwa.

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kina utafiti ulioanza mwaka 1938 na haujakoma mpaka leo. Walianza na vijana wa kiume, baadhi wanafunzi wa chuo hicho, baadhi kutoka mitaa ya watu maskini ya Boston, wakawafuatilia maisha yao yote, na sasa wanafuatilia watoto wao. Robert Waldinger, daktari wa magonjwa ya akili anayeusimamia, amekuwa akieleza kwamba jambo lililojitokeza kwa nguvu ni uhusiano mzuri na watu. Waliokuwa na ndugu, wenzi na marafiki wa kutegemeana walizeeka wakiwa na afya bora kuliko waliokuwa wapweke. Wahenga wetu walishasema mtu ni watu. Wenzetu wamelipima kwa miaka zaidi ya themanini wakafika mlango huohuo.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, nisije nikaonekana nawaambia watu kwamba fedha si kitu. Anayesema hivyo mara nyingi anazo. Fedha ndiyo nauli ya kumfikisha mama mjamzito hospitali usiku. Fedha ndiyo kadi ya bima. Nyumba yenye sakafu na nyavu inapunguza malaria na kuhara kwa watoto, hilo sihitaji kulitafutia mtaalamu. Kujenga ni jambo jema, na mzazi anayetamani kuwaachia wanawe paa hana kosa lolote. Mjomba wangu hakukosea kuitaka nyumba, wala kunisomesha. Tatizo ni mpangilio wa orodha. Vitu vyote vilivyoonekana na watu vilikaa juu, na kitu kimoja kisichoonekana na mtu kikakaa chini.

Presha ndivyo ilivyo, haionekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui kama wanalo. Hakuna jirani atakayekusifu kwa kumeza kidonge. Hakuna atakayepita mbele ya nyumba yako akasema, "Angalia, presha yake iko mia na ishirini kwa themanini." Wanaume ndio wanaoachwa nyuma zaidi, kwa kuwa mwanamke angalau hupimwa anapokwenda kliniki ya ujauzito, lakini mwanaume mwenye nguvu zake anaweza kumaliza miaka ishirini hajafungwa kile kitambaa cha mkono hata mara moja.

Tufanye nini nyumbani

Nawaombeni mfanye mambo manne, na yote yanaweza kuanza wiki hii.

Kwanza, andikeni dawa juu ya saruji. Kama nyumbani kuna mtu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wowote wa dawa za kila siku, gharama yake iwe mstari wa kwanza kwenye bajeti ya mwezi, kabla ya ujenzi na kabla ya michango. Mke na watoto wakubwa wauone mstari huo. Daftari la mjomba lilikuwa la siri, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumsaidia.

Pili, pimeni. Kipimo kikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, onaneni na mtaalamu wa afya. Ukianzishiwa dawa usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Kama bei inakushinda, sema hukohuko kliniki, usiamue peke yako kuruka siku, maana mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi. Chumvi nayo ipunguzwe. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate, samaki wa chumvi na viungo vya pakiti.

Tatu, jueni dalili za kiharusi. Uso unapinda upande mmoja, mkono au mguu unaishiwa nguvu ghafla, maneno yanavurugika au hayatoki. Ukiona hata moja, ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi wala usianze kutafuta nani kamtupia jini. Mjomba alilazwa kwanza kwenye mkeka akikandwa, zikapita saa kadhaa za thamani.

Nne, badilisheni swali. Mkikutana na mtu harusini au msibani, mwacheni kidogo na nyumba yake. Muulizeni analalaje. Muulizeni mara ya mwisho alipima lini. Muulizeni nani anamtembelea. Kwa mila zetu tunajua kusalimiana kwa urefu, tunaulizana hali ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, na kila jibu ni "njema". Safari hii ulizeni, msubiri jibu la kweli.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunaitumia sana methali hii kwa wachumba. Nadhani inafaa pia kwa kila tunayemwita tajiri.

Matofali yameondoka

Nyumba ya Pongwe iliishia kwenye linta. Mwaka juzi familia tulikaa kikao. Baadhi ya wajomba walitaka tuchange tuipaue, kwa heshima yake, watu wasije wakasema ameshindwa. Mjomba alituacha tuzungumze sana. Kisha akainua mkono wa kushoto, ambao ndio mzima, akasema taratibu, neno moja moja, kwamba matofali yaliyobaki yauzwe, na saruji, na mbao.

Kukawa kimya. Mama yangu akaanza kulia.

Matofali yalinunuliwa na jirani. Fedha ile ililipia bima, ikalipia mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na kilichobaki kikanunua kibanda mbele ya gereji, ambapo sasa anakaa kwenye kiti akiwaelekeza vijana wake wawili kwa mdomo. Wanasema sikio lake bado linasikia ugonjwa wa injini kabla boneti halijafunguliwa. Kuta za Pongwe zipo, zimeota majani. Anaposikia watu wanaziita gofu huwa anatabasamu, lakini sitawadanganya, yapo maumivu ndani yake na kuna siku haongei kabisa.

Baada ya ile harusi ya Makorora nilipita kwake nikamsimulia maswali ya yule mama, ameolewa, ana mtoto, amejenga. Akacheka upande mmoja wa uso, ule unaocheka. Nikamuuliza na yeye habari za ngazi: mjomba, uko kipandio cha ngapi?

Akafikiri kwa muda. Akanionyesha shati lake. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote, kimoja kimekosewa tundu.

"Leo," akasema, "mwenyewe."

Hakutaja namba. Nikamrekebishia kile kifungo, tukanywa chai. Kabla sijaondoka akaniuliza kama mwezi huu nimepima presha. Nikamwambia ukweli, sijapima. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikileta ripoti mbaya ya shule. Kesho yake asubuhi nilikwenda.

Nawe, msomaji wangu, nenda. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.